Bafu Bomba Si Marumaru za Kung'aa, Muulize Bibi!

Wiki hii tunaingia kwenye chumba ambacho watu wanakiongelea kwa kunong'ona, wakati hakuna anayemaliza siku bila kukiingia. Bafuni! Usicheke, haya ni mambo mazito.

Siku hizi ukikatiza mitaa ya Musoma, kuanzia Nyasho mpaka Bweri, nyumba mpya zinaota kama uyoga. Kijana akishika vijisenti, kwanza geti, pili sebule, tatu bafu la kisasa. Anakwenda dukani, anabeba marumaru nyeupe zinazong'aa kama kioo, anatafuta na ile yenye picha ya mnazi na mawimbi, anaibandika ukutani. Halafu anawaita washikaji: "Karibuni muone, mura! Bafu langu la asili, ukiingia unatulia ile mbaya."

Poa. Mnazi wa pwani umefikaje kwenye ukuta wa Musoma, tuyaache. Kasheshe inaanza pale unapokumbuka kwamba kwenye nyumba hiyohiyo yupo bibi mwenye magoti yanayouma, babu anayeona kwa shida, mama mwenye nyumba, mke wa kaka, watoto watatu wanaokimbia na povu la sabuni, na binamu aliyekuja kutoka Bunda "kwa wiki mbili" ambaye sasa ana mwezi wa nane. Wote hao bafu lao ni moja. Huyo anayetulia ile mbaya ni nani hasa?

CHAI INAYORUDI NUSU KIKOMBE

Chunguza jambo moja kwenye nyumba yenye mzee. Jioni bibi anapelekewa chai. Anakunywa nusu, kikombe kinarudi.

"Bibi, mbona humalizi?"

"Imetosha, mjukuu wangu. Nikimaliza nitaamka usiku."

Wengi tunadhani ameshiba. Wapi! Kiu anayo, ila anaogopa. Anajua njia ya bafuni ina kizingiti kinachomkwaa, sakafu inateleza, ukuta hauna pa kushika, na taa iliungua tangu mwezi uliopita. Kumwamsha mkwewe saa nane za usiku amshike mkono anaona haya. Kwa hiyo anaamua kukaa na kiu. Mtu aliyekulea mgongoni ananyimwa chai na sakafu uliyoinunua kwa kujidai!

Na hofu yake si ya bure. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wale waliovuka miaka 60. Mifupa ya uzeeni si kama ya kwako. Wewe ukiteleza unanyanyuka, unacheka, unaangalia kama kuna aliyekuona. Bibi akiteleza anaweza kuvunjika nyonga, na baada ya hapo maisha ya nyumba nzima yanabadilika.

Ndiyo maana nasema: utulivu wa bafu hauanzi na picha ya mnazi. Unaanza pale mzee wa nyumba anapoweza kuingia peke yake, akaoga, akatoka salama bila kumwita mtu. Na habari njema ni kwamba mali ya asili ya Mara, yaani mawe, upepo, mwanga, mvua na majani, ndiyo hiyohiyo inayomlinda. Kinachopoza macho kinaweza pia kushika unyayo.

SI MAMBO YA KIZUNGU HAYA

Kabla ya fundi kuingia kazini, tuondoe ile dhana kwamba kuoga kwa raha ni jambo la kuiga kwenye filamu. Kule Kilwa Kisiwani, kwenye jumba la Husuni Kubwa lililojengwa karne ya 14, lipo bwawa la kuogea lenye pembe nane, linatazama juu mbinguni. Unguja, mwaka 1850 Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mabafu ya Kidichi nje ya mji, na enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, yakajengwa mabafu ya Hamamni pale Mji Mkongwe kwa ajili ya watu wa mjini. Mawe, chokaa, mwanga unaoshuka kutoka juu. Basi.

Sisi wa bara hatuna kasri, lakini tuna mawe. Nenda Butiama, kijiji alichozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Pale Mwitongo, kwenye makazi ya ukoo wake, majabali yapo palepale katikati ya miti, na nyumba zimekaa nayo kwa heshima. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa na wake 22. Hebu piga hesabu ya watoto, wajukuu na wageni kwenye boma moja. Ukoo mkubwa kuishi pamoja Mara hatukuuanza juzi. Kilicho kipya ni kuubana ukoo wote huo kwenye bafu moja la ndani lenye mlango wa bati.

JIWE LISHIKE UNYAYO

Sasa tuingie kazini. Jambo la kwanza ni sakafu, na hapa usimsikilize muuza duka anayekwambia "hii ndo inatoka sana." Marumaru laini ikipata maji na sabuni inakuwa barafu. Kama lazima uweke marumaru, chukua ile yenye mikwaruzo ambayo ukipitisha kiganja unaisikia.

Lakini kwa Musoma kwetu lipo jambo bora zaidi. Mji umezungukwa na mawe mpaka watalii wanayapiga picha. Tafuta mawe bapa yaliyopasuliwa, fundi ayapange karibukaribu na kuziba nafasi kwa saruji, uso wake uwe umenyooka ila si laini. Rangi yake ni ile ya kijivu yenye chembechembe, kama ufukwe wa hapahapa. Ukikanyaga ni baridi, imara, na hayatelezi kirahisi. Zile kokoto za mviringo zinazopendeza kwenye magazeti ziweke ukutani au pembezoni. Chini ya mguu wa bibi zinaumiza, na uchafu unajificha katikati yake.

Ila usiende kujichukulia mchanga na mawe ufukweni usiku kama mwizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nunua kwa wapasua mawe wanaofanya kazi kwa kibali.

Huna mshiko wa mawe? Usikate tamaa. Mwambie fundi apige saruji ya kawaida, na kabla haijakauka aivute kwa ufagio wa chelewa ili ibaki na mistari. Asiipige niru ya kung'aa. Kazi hiyo haigharimu senti ya ziada, na bibi atakushukuru kuliko ungemnunulia doti ya khanga.

Mteremko nao uwe wa kiasi. Sentimita mbili kwa kila mita zinatosha kupeleka maji kwenye tundu la kutolea bila kumfanya mtu ajione yuko mlimani. Kizingiti cha mlangoni ondoa kabisa. Maji yazuiwe na mteremko, wewe usiweke tofali la kumkwaa mzee.

PA KUSHIKA

Fundi bomba akija na bomba la chuma lisiloshika kutu, usimruhusu aondoke na kipande kilichobaki. Kata viwili. Kimoja kifungwe ukutani karibu na choo, kingine pale pa kuogea, urefu wa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Unene uwe wa kujaa kiganja, na boliti ziingie ndani ya tofali, zisiishie kwenye plasta. Lile fito la kutundikia taulo halihesabiki, mtu akilishika anaanguka nalo. Namna ya kulipima bomba lako ni rahisi: livute mwenyewe kwa nguvu zote. Likikushinda wewe kijana, bibi yuko salama.

Choo cha kuchuchumaa ni kizuri kwa wengi, lakini magoti ya miaka 75 hayataki. Huna haja ya kukivunja. Seremala atakutengenezea kiti imara cha mbao chenye tundu katikati na mikono ya kushikia pembeni, kimo chake sentimita 45 hivi, kinawekwa juu ya choo anapoingia mzee na kutolewa anapomaliza. Mbao ipakwe rangi ya mafuta isinyonye maji. Kiti kingine kama hicho, kisicho na tundu, kiwe pale pa kuogea. Mzee aoge amekaa kama mfalme.

Mlango ufungukie nje. Wengi hatulijui hili. Mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio unauzuia, mnabaki mnagonga na kulia. Komeo nalo liwe la kuweza kufunguliwa kutoka nje kwa sarafu wakati wa shida.

Rangi pia ina kazi. Ukipenda kuta za rangi ya udongo au kijivu cha jiwe, sawa kabisa, zinatuliza. Ila mabomba ya kushikia na kiti cha choo yape rangi tofauti, kwa mfano bluu ya ziwa au kijani cha jani la mgomba. Macho ya mzee hayatofautishi cheupe juu ya cheupe.

UPEPO NA MWANGA WA BURE

Bafu la giza lenye harufu halitulizi mtu hata ukiweka manukato ya Dubai. Dawa yake ni hewa kupita. Mchana upepo wa Musoma hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Kwa hiyo weka tundu upande wa ziwa na jingine upande wa pili, juu kuliko kimo cha mtu. Tofali za matundu zinafanya kazi nzuri: upepo unapita, mwanga unaingia vipandevipande kama chini ya mti, na jirani haoni kitu.

Lakini usisahau wavu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kama moshi wakiona taa wanakuja kwa maelfu, na mbu wako nyuma yao.

Kuhusu majani, hapa siyo urembo mtupu. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha liliangalia miti, nusu liliangalia ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa mapema kidogo, wastani wa siku 7.96 dhidi ya 8.70, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache. Mti tu dirishani!

Sasa wewe uliye Mara unashindwaje? Nje ya tundu la bafu panda mchaichai na kivumbasi. Upepo ukivuma, harufu inaingia yenyewe. Mshubiri uweke kwenye mkebe dirishani, hautaki maji mengi. Dodoki lipandishe kwenye uzio. Likikauka unalimenya, unapata kitu cha kujisugulia kilichotoka shambani kwako badala ya ile nyavu ya plastiki. Na maji ya kuogea yaelekeze kwenye migomba. Nasema ya kuogea, siyo ya chooni! Migomba inakunywa, kiwanja hakina dimbwi, na baada ya muda bafu lako linakuwa na ukuta wa kijani usioununua.

MAJI: ASILI INA MENO

Hapa naomba tuelewane, maana kuna vijana watasema, "Asili gani zaidi ya ziwa lenyewe? Twende tukaoge Mwigobero!" Pole pole. Ziwa Victoria ni zuri kulitazama, lakini lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wa majini na hupenya ngozi wakati unaoga au unafua. Huwaoni, huwasikii. Kama umekuwa ukiogelea, nenda kituo cha afya upimwe, dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.

Kama nyumbani mnatumia maji yaliyochotwa ziwani, yahifadhini kwenye tangi au pipa safi lililofunikwa, lisilo na konokono, kwa siku mbili kabla ya kuogea. Vijidudu hivyo vikikosa mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo. Mkiwa na haraka, yachemsheni. Ila hayo ni ya kuogea, kunywa ni habari nyingine.

Kwa ndugu zetu wa Bunda na vijiji vya mbali na ziwa, tazameni juu. Mvua ya milimita 1 kwenye paa la mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20 ni lita 1,200. Toa zinazomwagika na kupotea, bado unabaki na karibu lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50. Weka mifereji ya bati na tangi, mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, zinazofuata kinga. Tangi jeusi likikaa juani mchana, jioni babu anapata maji ya uvuguvugu bila kuni wala umeme.

Kwa choo cha shimo, kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Na kwenye ardhi ya majabali kama ya Musoma, ambako sururu inagonga mwamba mapema, ongea na fundi kabla hujachagua mahali. Bafu zuri juu ya shimo linalovuja ni sumu kwa mtaa.

MKWE ASIONE HAYA

Tukifika hapa ndipo mafundi wa mjini wanapotuangusha. Kwa makabila mengi ya Mara, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa umbali. Kugongana mlangoni mmoja akiwa na taulo begani ni aibu ya kuhamisha mtu nyumba. Wewe unamchorea mzee bafu moja katikati ya sebule, wageni wamekaa wanaangalia mpira, yeye apite na ndoo! Ndiyo maana wazee wengi wakija mjini wanaoga alfajiri kabla watu hawajaamka, au hawaogi.

Dawa siyo lazima mabafu mawili. Tenga choo na mahali pa kuogea, kila kimoja na mlango wake, ili mmoja akioga mwingine asikwame. Mlango usitazame sebule. Chumba cha wazee kiwe ndicho kilicho karibu na bafu kuliko vyote, siyo chumba chako wewe mwenye mapato. Weka msumari nje wa kutundika kipande cha kitenge: kikiwepo, kuna mtu. Hakuna haja ya kuuliza "nani humo?" na kumlazimisha mkwe ajibu.

Na watoto? Ndoo ya maji ya moto isikae chini kamwe, ipandishwe juu ya kizimba cha saruji. Ndoo yoyote yenye maji iwe na kifuniko, maana mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji kidogo tu. Watundikie kulabu zao za chini, za kanga na dodoki. Mtoto akiwa na lake anajifunza usafi bila viboko.

KAMA MFUKO UMETOBOKA

Najua kuna wanaosema, "Dada wa gazeti, sisi tumepanga, nyumba si yetu." Sawa. Basi anza na haya manne, hata kwenye nyumba ya kupanga: sugua sakafu iondoke ukoga na utando wa sabuni, weka kiti imara cha kuogea, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kufunga bomba moja la kushikia, na tundika taa ndogo ya sola kwenye njia ya kutoka chumba cha bibi mpaka bafuni. Mkebe wa mshubiri ongeza ukipenda. Mwezi ujao endelea na kingine.

Halafu kabla hujawaita washikaji kuja kushangaa, lipe bafu lako mtihani. Usiku, taa za sebuleni zimezimwa, mwombe bibi aende peke yake. Wewe kaa chumbani, usimfuate, sikiliza tu. Ukisikia hatua zinakwenda taratibu, maji yanamwagika, na yeye anaimba kidogo kwa Kijita au Kizanaki chake akiwa humo ndani, basi kazi imekwisha. Ukisikia anaita jina lako, mrudishe fundi kesho asubuhi.

Haya, mpaka wiki ijayo. Na leo jioni, msomaji, hebu angalia kikombe cha bibi kimerudi na chai kiasi gani.